Daftari la Rafu

Kwa miaka 36 nilifundisha Kiswahili katika shule za sekondari za Kanda ya Ziwa, na katika miaka yote hiyo sikumbuki kukusanya daftari la rafu la mwanafunzi hata mmoja. Nilikusanya madaftari safi. Daftari safi ndilo lililokuwa na insha, ufupisho na mazoezi ya sarufi. Ndilo lililopitiwa na kalamu nyekundu, likaandikwa alama na tarehe. Daftari la rafu lilibaki chini ya dawati. Humo mwanafunzi alijaribu mwanzo wa insha mara nne na kuukata mara tatu, akachora ng'ombe pembeni, akapanga vina vya shairi ambalo hangethubutu kuniletea. Hakuna aliyeadhibiwa kwa lililoandikwa humo, kwa sababu hakuna mkubwa aliyelisoma.

Nilistaafu mwaka 2019. Daftari hilo lilinirudia akilini mwaka jana, kwa njia ambayo sikuitarajia: kupitia kompyuta ya mjukuu wangu.

Nyumba yetu iko Mirongo, jijini Mwanza, si mbali na mto wenye jina hilohilo unaokatiza mji na kumwaga maji yake katika Ziwa Victoria. Asubuhi hapa huanza na pikipiki, zikafuata vyerehani, kisha sauti za wachuuzi kutoka upande wa Mlango Mmoja. Mjukuu wangu, anayesomea mambo ya kompyuta chuoni, alikuja kwetu kwa likizo ndefu akiwa na kompyuta mpakato ya mtumba na ombi moja.

"Babu," alisema baada ya kuniamkia, "nahitaji mtu anayejua Kiswahili."

Nilimwambia kwamba Mwanza nzima inajua Kiswahili.

"Nahitaji mtu anayejua kwa nini," akajibu.

Mradi aliokuwa akiuchangia unaitwa Common Voice. Ulianzishwa mwaka 2017 na Mozilla, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox, kwa lengo la kukusanya sauti za watu wa kawaida ili mashine zifundishwe kusikia lugha zao. Mwanzoni ulikuwa wa Kiingereza peke yake; mwaka uliofuata ukazifungulia lugha nyingine. Utaratibu wake ni mwepesi. Mtu hupewa sentensi fupi, huisoma kwa sauti, na sauti hiyo hurekodiwa. Wengine huisikiliza na kupiga kura kama msomaji amesoma kilichoandikwa. Zikipatikana kura mbili za ndiyo, rekodi huhesabiwa kuwa imethibitishwa. Majirani zetu wa Rwanda walilishika jambo hili mapema, na leo Kinyarwanda kina zaidi ya saa 2,000 za sauti humo, kikiwa kimezipita lugha nyingi kubwa za Ulaya. Kiswahili kilipata msukumo mwaka 2021, Mozilla ilipotangaza dola milioni 3.4 kwa kazi hiyo, kwa ufadhili wa wakfu wa Bill na Melinda Gates pamoja na serikali za Ujerumani na Uingereza. Msimbo wa tovuti yenyewe uko wazi: yeyote anaweza kuusoma, kuunakili na kupendekeza marekebisho.

Habari za programu huria hazikuwa ngeni kwangu kabisa. Nakumbuka mwaka 2004, mradi wa KiLinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Niliifurahia kama mtu anavyofurahia harusi ya jirani, kwa kusikia ngoma tu. Sikudhani kwamba siku moja nami nitaitwa jikoni.

Kazi yenyewe ilikuwa kupitia tafsiri ya maneno yanayoonekana katika kurasa: vitufe, maelekezo, maonyo. Nilichukua kalamu na karatasi, nikamwambia anisomee orodha. Alikataa.

"Babu, neno likiwa peke yake huwezi kulihukumu. Mpaka ulione mahali linapokaa."

Kauli hiyo niliifahamu vizuri. Kwa zaidi ya miongo mitatu niliwaambia watoto wa watu kwamba maana ya neno haipatikani mpaka uone majirani zake katika sentensi. Sasa nilikuwa ninafundishwa somo langu mwenyewe.

Alichokitaka ni tuisimamishe tovuti nzima ndani ya kompyuta yake, juu ya meza yetu ya kulia chakula, ili tubadili tunachotaka bila mtu mwingine yeyote duniani kuona. Wenye fani wanaiita mazingira ya ndani ya uundaji. Nilimwambia kwamba wanafunzi wa Tanzania wana jina fupi zaidi la kitu hicho: rafu. Najua kwamba ni neno la mkopo, na kwamba uwanjani lina maana isiyopendeza. Lakini mjukuu wangu alicheka, na tangu siku hiyo sikumsikia tena akitumia lile jina refu.

Rafu hiyo haikupatikana kwa siku moja. Mzigo wa kupakua ulikuwa mkubwa, na bando la mchana ni ghali, hivyo tulinunua bando la usiku na kukesha nalo. Kwanza alinakili msimbo wote kutoka GitHub. Kisha akanakili faili la mfano lenye mipangilio na kulipa jina jipya, kama mwalimu anayenakili andalio la somo la mwenzake kabla ya kubadili tarehe. Baada ya hapo kazi ikawa ya Docker. Hii ni programu inayoendesha programu nyingine, kila moja ikiwa imefungwa katika boksi lake pamoja na vyote inavyohitaji. Maboksi hayo huitwa kontena, jina lililokopwa bandarini. Sisi wakazi wa mji wa bandari hatuhitaji ufafanuzi mrefu: shehena ikishafungwa katika kontena, meli haiulizi ndani mna nini. Kontena zetu zilikuwa kadhaa: ya hifadhidata ya MySQL inayotunza sentensi, ya Redis inayokumbuka mambo ya haraka haraka, ya ghala la mafaili ya sauti, na ya tovuti yenyewe.

Usiku wa kwanza tulipakua hadi kope zikawa nzito. Usiku wa pili umeme ulikatika, tukalala. Usiku wa tatu kila kitu kilikuwa kimeshuka. Mjukuu akaandika amri moja, dirisha jeusi likajaa mistari iliyopanda kwa kasi, kisha likasimama. Mistari ya mwisho ilikuwa myekundu.

Kontena ya hifadhidata ilikuwa imekataa kuamka. Ujumbe ulisema kwamba poti 3306 tayari inatumika. Nikauliza poti ni nini.

"Ni mlango, Babu. Kompyuta ina milango zaidi ya 65,000, na kila huduma husubiri wageni kwenye mlango wake. Wawili hawawezi kusimama mlango mmoja."

Mimi ninayeishi jirani na Mlango Mmoja nilielewa upesi. Akaanza kutafuta ni nani aliyetangulia kusimama hapo. Alikuwa ni MySQL nyingine, aliyoisimika miezi mingi nyuma kwa ajili ya masomo na kuisahau, nayo ilikuwa ikiamka kimya kimya kila kompyuta ilipowashwa. Akaizima, akarudia amri, na kontena yetu ikaamka.

Lililonishika usiku ule si huo ufundi. Ni uso wa kijana. Wanafunzi wangu walipokutana na wino mwekundu waligeuza ukurasa, na wengine walilifunga daftari kabisa. Yeye alipokutana na mistari myekundu alisogeza kiti mbele. Aliisoma yote, taratibu, kama mtu anayesoma barua iliyotoka nyumbani. Kwake kosa lilikuwa taarifa. Nilijiuliza ni wapi alikojifunzia kusoma hivyo, nikajua kwamba hakika si katika darasa la mtu kama mimi.

Ilikaribia saa sita usiku alipoandika anuani katika kivinjari, na ukurasa ukafunguka katika poti 9000. Jina la anuani ile, likifasiriwa kutoka Kiingereza, ni "mwenyeji wa hapa". Nyuma yake kuna namba 127.0.0.1, ambayo kwa kila kompyuta duniani ina maana moja: mimi mwenyewe. Ili nisadiki, mjukuu alizima intaneti ya simu mbele ya macho yangu, na ukurasa ukabaki palepale. Alinieleza pia kwamba kwa kawaida kivinjari hakiipi tovuti maikrofoni mpaka mawasiliano yake yawe yamelindwa. Lakini mwenyeji huaminiwa, kwa kuwa hakuna njia ya kutekwa kati ya mtu na nafsi yake. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Usiku ule mwenyeji alipona bila mgeni yeyote.

Kesho yake tukaanza kazi ya lugha, na hapo ndipo nilipoona faida ya rafu. Nilikuwa nimeandika ujumbe wa kumweleza msomaji idadi ya sentensi zilizobaki: "Sentensi 5 zimebaki." Katika karatasi yangu haukuwa na dosari. Tulipoujaribu, na namba ikawa inashuka kila tuliporekodi, kioo kikafika mahali kikaandika: "Sentensi 1 zimebaki." Nilipiga meza kwa kiganja. Nomino "sentensi" iko katika ngeli ya I-ZI, na umbo lake halibadiliki katika umoja na wingi. Kitenzi ndicho kinachobeba idadi. Kwa Kiingereza mzigo huo hubebwa zaidi na nomino, na mtu anayetafsiri neno kwa neno hatambui kwamba mzigo umehamia bega jingine. Chukua "mtu" badala ya "sentensi", na kila kitu kinabadilika kwa pamoja: mtu 1 amesikiliza, watu 5 wamesikiliza. Fluent, mfumo wa kuandikia tafsiri uliobuniwa na Mozilla, humruhusu mtafsiri aandike sura ya umoja na sura ya wingi ya ujumbe mmoja, kisha mashine ichague kulingana na namba. Tukaandika "imebaki" na "zimebaki", tukahesabu tena kutoka 5 kushuka hadi 1, na sarufi ikatulia.

Kosa jingine lilikuwa la majivuno. Kwa kitufe kimoja nilikuwa nimetunga maneno haya: "Wasilisha rekodi zako ili zihakikiwe." Nilijivunia ukamilifu wake. Katika kioo cha simu kitufe kile kilivimba, maneno yakavunjika katika mistari mitatu, na "zihakikiwe" ikaning'inia nje ya ukingo kama shati lililotoka kwenye suruali. Nikakata nikabakiza "Wasilisha". Ninyi washairi mtanielewa: kitufe nacho kina mizani yake, na asiyeihesabu atatoka nje ya bahari. Hakuna miongoni mwetu anayekwenda ukumbini na ubeti ambao hajauhesabu kwa vidole chumbani kwake. Tulichokipata mezani petu ni chumba cha namna hiyo kwa lugha inayoingia katika mashine. Maneno yaliyofaulu hapo ndiyo tuliyoyapeleka katika Pontoon, jukwaa ambako tafsiri za Mozilla hupokelewa na kukaguliwa na watu wengine.

Ikabaki hifadhidata, ambayo ilikuwa tupu. Tovuti ilisimama vizuri lakini haikuwa na sentensi ya kumpa msomaji. Nilijitolea kutunga 20 za majaribio, kwa kufuata kanuni za mradi: sentensi isizidi maneno 14, isiwe na vifupisho, isiwe imetolewa katika kitabu chenye haki za mwandishi, na isiwe na tarakimu. Kanuni ya tarakimu ilinipendeza, maana mbele ya "2019" msomaji mmoja atasema elfu mbili na kumi na tisa, na mwingine atasema ishirini kumi na tisa, na mashine haitajua ni yupi aliyesoma kilichoandikwa. Niliandika kuhusu mvua, ziwa, nauli na bei ya nyanya. Ya 17 iliandikika yenyewe: "Wananchi walipiga kura kwa amani." Nilikusudia kuifuta. Sikuifuta.

Wakati huohuo mjukuu alikuwa amenifungulia tovuti yenyewe, ile ya watu wote, ili nisikilize sauti halisi za Kiswahili na kuzipigia kura. Nilivaa spika za masikioni, nikakaa kama mtahini. Dada mmoja alisoma "thamani", nikasikia "samani". Hapana. Kijana akasoma "dhahabu", ikatoka "zahabu". Hapana. Mzee mmoja mwenye sauti nzuri ya kifua alisema "gali" mahali pa "ghali". Hapana. Nilikuwa nimeangusha watu 11 kwa robo saa.

"Babu," mjukuu aliuliza, "unasahihisha mtihani?"

Akanifungulia mwongozo wa mradi. Unamwagiza msikilizaji aikatae rekodi ikiwa msomaji ameruka neno, ameongeza neno, amesoma neno jingine, au kelele imemfunika. Kuhusu matamshi unamtaka awe mzito wa kukataa, kwa kuwa watu wa lugha moja hutamka kwa namna nyingi. Sikuridhika. Nilimweleza kwamba samani ni vyombo vya ndani ya nyumba na thamani ni jambo jingine kabisa, na kwamba Butimba, katika chuo cha ualimu nilikosomea, tulifundishwa mahali hasa ulimi unapopaswa kukaa.

"Babu, mtu akikwambia sangara huyu ana samani kubwa, utamletea kabati?"

Sikupata jibu. Nilifikiri juu ya asili ya kipimo nilichokishika. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, kwa uamuzi wa mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ili kukisimamia. Sitaacha kukishukuru kipimo hicho, maana ndicho kilichomwezesha Msukuma na Mmakonde kusoma gazeti moja. Lakini ni kipimo cha kuandikia na kufundishia. Nilikuwa ninakitumia kuamua ni sauti ya nani ihesabiwe kuwa sauti. Mashine iliyofunzwa kwa ndimi zilizofaulu mikononi mwangu tu, siku bibi wa Magu atakapoiuliza habari za dawa au za mvua, haitamwelewa. Na bibi atadhani kwamba mjinga ni yeye.

Hapo ndipo nilipomkumbuka yule mama wa dagaa.

Kuna mama anayeuza dagaa Mwaloni, Kirumba, ambaye hupita kwetu kila Jumamosi. Mwaka 1995 alikuwa mwanafunzi wangu wa kidato cha pili. Mwezi Oktoba mwaka ule Tanzania ilifanya uchaguzi mkuu wa kwanza tangu mfumo wa vyama vingi urejeshwe mwaka 1992, na wiki chache kabla nililileta gazeti darasani, nikamsimamisha asome. Alisoma kwamba wananchi watapiga "kula". Darasa zima lilipasuka kwa kicheko. Sikukizima kicheko kile. Nilimwambia arudie mara kumi, na mara kumi zote alisema "kula", kwa kuwa Kisukuma cha nyumbani kwao hakikuwahi kumdai atenganishe sauti zile mbili, na kwa kuwa ulimi unaotetemeka hautii amri. Mara ya kumi machozi yalikuwa yakimshuka. Nilimwambia akae. Hakuinua mkono tena katika darasa langu hadi alipomaliza kidato cha nne, na mimi niliandika katika ripoti yake kwamba ni mkimya.

Jumamosi alipobisha hodi nilimkaribisha ndani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mama. Nina kazi ya Kiswahili, nakuomba unisaidie sauti yako."

Alicheka, akaweka beseni chini. "Mimi, Mwalimu? Kwa Kiswahili chako kile? Tafuta wengine."

Nilikuwa nimepanga maneno tangu alfajiri, lakini yalinitoka bila mpangilio. Nilimwambia kwamba mwaka 1995 nilimkosea mbele ya wenzake, na kwamba aliyestahili kurudia mara kumi nilikuwa mimi.

Alinyamaza kidogo. "Kumbe umekumbuka," alisema. "Mimi sikusahau."

Hakuongeza neno, wala mimi. Mjukuu wangu ndiye aliyetuokoa. Alimweleza kwamba hii si tovuti ya watu, intaneti imezimwa, atakachosema hakitatoka ndani ya chumba hiki. "Ni rafu tu, mama," akasema. Neno hilo alilijua. Alifuta mikono kwa kanga, akavuta kiti.

Mradi humpa msomaji sentensi tano tano. Ya kwanza ilikuwa ya mvua. Aliisoma kwa sauti ndogo. Ya pili ilikuwa ya nauli. Ya tatu ilipotokea, aliitazama, kisha akanitazama mimi. Nilitamani kompyuta izimike. Akasogea karibu na kioo na kusoma kwa sauti ya mtu anayetangaza bei sokoni: "Wananchi walipiga kula kwa amani." Akaomba ajisikilize. Akajisikiliza mara mbili, akairudia kurekodi, ikawa vilevile. "Ndivyo ninavyosema," alisema, akaendelea na ya nne.

Alipomaliza tulifungua ukurasa wa kusikiliza. Sauti yake ikajaza chumba. Chini ya kioo vilikuwepo vitufe viwili, Ndiyo na Hapana, maneno ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeyakagua. Alikuwa amesoma kila neno lililoandikwa, kwa ulimi wake. Nilibonyeza Ndiyo. Mjukuu akabonyeza ya pili. Ikathibitishwa, ndani ya kompyuta moja, Mirongo.

Kabla ya kuondoka aliuliza swali ambalo wasomi wengi hawaliulizi. Je, akisoma katika ile tovuti ya kweli, sauti itakuwa ya nani? Tulimwambia ukweli. Sauti hutolewa kwa kibali cha CC0, maana yake haki zote zimeachiliwa. Mwanafunzi wa Nairobi anaweza kuitumia bure, na kampuni tajiri ya Marekani vilevile. Na ikishapakuliwa na watu haiwezi kurudishwa yote. "Kwa hiyo mwenye pesa naye atakula," alisema. Tukakubali kwamba ndiyo. Akasema atakwenda kufikiri, akajitwika beseni lake.

Jioni ile mjukuu alitaka kuanza upya na tafsiri zilizosahihishwa. Aliandika amri moja, na kontena zote zikaondoka pamoja na vilivyokuwa ndani. Nilichelewa kutambua. Nilipomuuliza iko wapi sauti ya yule mama, alinitazama kwa mshangao.

"Si ulisema ni rafu, Babu?"

Ni kweli nilisema. Rafu inayotunzwa milele ni daftari safi lililovaa nguo za mtumba, na hakuna atakayethubutu kuandika ndani yake. Hata hivyo, usiku ule nilikaa barazani muda mrefu kuliko kawaida.

Nawaandikia haya ninyi wenzangu katika lugha kwa sababu moja. Tunapozungumzia Kiswahili na mashine hupenda kubishania istilahi: tarakilishi au kompyuta, msimbo au kodi. Ni mijadala mizuri, nami nimo. Lakini kabla ya istilahi kuna watu wanaojua Kiswahili barabara na wanaoogopa kukisema mbele yetu, na hofu hiyo tumewatia sisi tulioshika kalamu nyekundu. Kazi ya sauti ikiachiwa watu wa aina yangu peke yao, mashine itajifunza Kiswahili cha watahini. Anayetaka kuchangia na aanze na anayemsikia kila siku mlangoni pake, na ampe kwanza mahali pa kukosea pasipo na macho. Si lazima pawe na kontena wala hifadhidata. Simu yenye kinasa sauti na mlango uliofungwa vinaweza kutosha.

Jumamosi iliyofuata alirudi. Hakuweka beseni chini. Alilikabidhi kwa mke wangu na kuja moja kwa moja mezani.

"Leo nipe daftari safi," alisema.

Mjukuu akawasha intaneti na kufungua tovuti ya kweli. Sentensi hazikuwa zangu. Zilikuwa za watu nisiowajua, na watakaompigia kura ni watu asiowajua. Alisoma tano, akasoma tano nyingine. Kisha akainuka, akanisogezea kiti.

"Na wewe soma, Mwalimu."

Nilivaa miwani, nikasafisha koo, nikasoma. Alisikiliza rekodi yangu huku ameinamisha kichwa, kama mimi nilivyokuwa nikisikiliza wao.

"Umesoma kama unatoa imla," alisema. "Rudia."

Nikarudia.